Suali na Jawabu: Sahara Magharibi, jangwa ambalo kila mkubwa analitolea ahadi

Tokea fainali ile ya Simba na Berkane pale Amaan masuali ya Sahara Magharibi hayajakatika, yanakuja kwa wasap, kwa meseji, jengine nimeulizwa nimesimama Darajani nangoja mkate. Nimechagua machache nikayafupisha. Ya matusi nimeyaacha, na wale wanaotaka niwaambie Mfalme wa Moroko ana mali kiasi gani nao wanisamehe, hayo sina kazi nayo.

SUALI: Asalaam aleikum Maalim. Sie ni Simba damu, Mei 2025 tulikuwepo Amaan tukatoka moja moja na kombe likenda zake Moroko. Sasa maskani kwetu kuna jamaa anasema hawa Berkane washawahi kupewa ushindi bila ya kucheza kwa sababu ya ramani kwenye jezi, tukamcheka mpaka akanuna. Kweli hayo? Na ramani gani hiyo mpaka mpira usichezwe? (Mnyama, Kikwajuni)

JAWABU: Waaleikum salaam. Mwombeni radhi jamaa yenu mana kasema kweli tupu. Aprili 2024, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Berkane walikwenda Algiers kucheza na USM Alger, kufika uwanja wa ndege watu wa forodha wakazuia mabegi ya jezi. Kwenye jezi pana ramani ya Moroko, na ramani yenyewe imeshuka mpaka kule chini ikaimeza Sahara Magharibi nzima, hakuna hata kile kimstari cha vitone ambacho utakikuta kwenye ramani nyingi za dunia. Waalgeria wakasema vaeni jezi nyengine, Berkane wakasema hizi ndizo tulizoidhinishiwa na CAF, wenye mpira wa Afrika, hatuvai nyengine, basi siku ya mechi ikapita hivo hivo watu wamekaa jukwaani wanatizamana. CAF ikawapa Berkane mabao matatu. Marudiano USM Alger wakasafiri mpaka Berkane, wakakuta jezi ni zile zile, wakagoma kucheza, na Berkane akaingia fainali bila ya kugusa mpira, huko akatolewa na Zamalek.

Sasa ardhi yenyewe. Ni pwani ya Atlantiki chini ya Moroko, juu ya Mauritania, na kwa kipembe kidogo inagusana na Algeria. Kilomita za mraba kama 266,000, jangwa tupu ukitizama kwa juu, lakini chini pana fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, na baharini pana samaki wa kumwaga. Mhispania alijitangazia pwani ile mwaka 1884, wakati ule ule Wazungu wamekaa Berlin wanaigawa Afrika. Wenyeji, Wasahrawi, ni watu wa ngamia na mahema, wanazungumza Kiarabu chao cha Hassaniya. Mwaka 1973 vijana wao wakaunda Polisario ili wamtoe Mhispania.

Halafu ikaja 1975, na mwaka huu mtu asipoujua hatoelewa kitu. Jenerali Franco aliyekuwa akiitawala Uhispania yu mahututi. Tarehe 16 Oktoba Mahkama ya Kimataifa ya The Hague ikatoa maoni yake kwamba Moroko na Mauritania wana uhusiano wa zamani na baadhi ya makabila ya kule lakini uhusiano wenyewe haufiki kuwa umiliki wa ardhi, na watu waulizwe wanataka nini. Siku hiyo hiyo Mfalme Hassan II akatangaza maandamano, na tarehe 6 Novemba Wamoroko kama 350,000 wakavuka mpaka kwa miguu, misahafu na bendera mikononi. Tarehe 14 Novemba pale Madrid, Uhispania, Moroko na Mauritania wakatia saini kugawana utawala wa eneo. Msahrawi hakuwepo mezani. Siku sita baadae Franco akafa.

Na hapa niongeze kitu ambacho watu wanakiruka: Mhispania hakutoka mikono mitupu. Ule mgodi wa fosfeti wa Bou Craa alibakishiwa asilimia 35 ya hisa, akawa nazo mpaka mwaka 2002. Kwa hiyo mtu akikwambia Uhispania ilikimbia jangwa, mwambie ilikimbia na risiti mkononi.

SUALI: Maalim, hawa wote ni Waislamu, wote wanasali kibla kimoja, wameoleana, ni majirani ukuta kwa ukuta. Kwanini hawakai wakayamaliza? Mie naona ni mabeberu tu wanaowagombanisha, vita vya panzi furaha ya kunguru. (Mwalimu wa skuli, Wete)

JAWABU: Mwalimu wangu, nakubali nusu. Kunguru wapo na wamenenepa, lakini hapa panzi wenyewe ndio waliompelekea kunguru mwaliko na busati wakamtandikia. Tusiwafanye Moroko na Algeria watoto wadogo wanaosukumwa tu.

Ugomvi wao ni mkubwa kuliko Wasahrawi. Mfaransa alipokuwa anatawala pande zote hizo alichora mipaka kwa faida ya Algeria, mana Algeria aliihesabu ni Ufaransa yenyewe haitoki milele, Moroko ilikuwa mahamia tu. Algeria ikapata uhuru 1962, na Oktoba 1963, mwaka mmoja na miezi tu baadae, wakapigana vita vya wiki chache kwa ajili ya mpaka huo, upande wa Tindouf na Béchar. Moroko haikupata ilichokitaka, Algeria haikusahau. Ilipokuja 1975 kila mmoja akalitazama jangwa lile kwa jicho la 1963. Algeria ikawapa Polisario silaha, pesa na mahala pa kukaa, hapo hapo Tindouf, na Wasahrawi waliokimbia vita wakapiga mahema huko, wapo mpaka leo wajukuu na vitukuu. Februari 1976 Polisario wakatangaza jamhuri yao.

Sasa ndo wakubwa wakaingia. Mauritania ilikuwa nchi dhaifu, uhai wake ni treni ya chuma inayotoka Zouérate kwenda baharini, Polisario wakawa wanaishambulia, mwaka 1977 wakateka na Wafaransa waliokuwa wakifanya kazi mgodini, Paris ikaleta ndege za Jaguar zikawa zinaruka kutoka Dakar kuwapiga Polisario jangwani. Hata hivo Mauritania ilishindwa, jeshi likapindua serikali 1978, mwaka wa pili yake wakajitoa vitani na Moroko ikaingia kuchukua na kipande chao. Marekani ikawapa Moroko ndege na silaha, zaidi baada ya Reagan kuingia, kwa hesabu za vita baridi. Wasaudi wakatoa pesa. Upande wa pili Gaddafi alikuwa akiwapa Polisario silaha kwa wingi, halafu 1984 akafunga mkataba wa muungano na Hassan kule Oujda akawaacha mkono, na muungano wenyewe ulidumu kama miaka miwili tu. Cuba ikasomesha vijana wa Kisahrawi, utakuta madaktari makambini wanazungumza Kihispania cha Havana.

Na pesa hizo na silaha hizo ndizo zilizojenga ukuta. Huu watu hawaujui. Baina ya 1980 na 1987 Moroko ilijenga tuta la mchanga na mawe, mahala pengine mita tatu kwenda juu, lina mahandaki, rada, waya na mabomu ya kufukia ardhini, wanajeshi wamepangwa juu yake mwanzo mpaka mwisho. Urefu wake ni kama kilomita 2,700. Kutoka Nungwi mpaka Makunduchi ni kama kilomita 85, basi wewe ipange Unguja zaidi ya mara thelathini ndo utaupata. Moroko ipo upande wa magharibi wenye bahari, miji na fosfeti, Polisario wana ukanda mwembamba wa mashariki ambao hauna kitu. Tokea ukuta ule uliposimama hakuna anayeweza kumshinda mwenzake kwa bunduki, na kwa vile Moroko imekaa kwenye penye mali haina haraka yoyote.

Mpaka wa nchi kavu baina ya Moroko na Algeria umefungwa tokea 1994. Mtu wa Oujda ana shangazi yake Maghnia, ni mwendo wa gari mfupi kabisa, lakini akitaka kwenda kumzika inabidi apande ndege, na tokea 2021 hata ndege za moja kwa moja hakuna. Hilo, Mwalimu, halijafanywa na Mfaransa wala Mmarekani. Wamelifanya wenyewe.

SUALI: Nasoma sheria hapa Tunguu. Moroko inasema makabila ya Sahara yalimpa bai'a, kiapo cha utiifu, Sultani wao tokea zamani. Sasa kama bai'a si umiliki, mbona Sultani wetu alihesabiwa mwenye Mwambao, yaani pwani ya Kenya, mpaka 1963? Na ile kura ya maoni ya Umoja wa Mataifa imeishia wapi? (Mwanafunzi, Tunguu)

JAWABU: Masuali mawili mazuri, la kwanza ndo limenifanya nikae nifikiri.

Mwambao ulipimwaje? Mwaka 1885 na 1886 tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa ilipita pwani yetu kuangalia Sultani Barghash anamiliki wapi, na Sultani mwenyewe hakuwa na sauti ndani ya tume. Mwisho wake wakamwachia visiwa na ukanda wa maili 10 kutoka baharini, bara yote wakagawana. Halafu 1890 Mjerumani akamkubalia Mwingereza aichukue Zanzibar chini ya himaya yake, Mwingereza akamwachia Mjerumani kisiwa cha Heligoland huko Bahari ya Kaskazini, na pwani ya Tanganyika Mjerumani akailipia Sultani marka milioni 4. Kwa hiyo ule "umiliki" wetu uliokuwa umeandikwa vizuri na muhuri juu yake uliandikwa na watu watatu ambao wote walikuwa wageni. Wakati huo huo Mhispania alikuwa kule Sahara anafanya yake, na bai'a za Sultani wa Moroko hakuna tume iliyozipimia maili. Mahkama ya The Hague haikusema bai'a ni uongo. Ilisema utiifu wa baadhi ya makabila kwa Sultani hautoshi kuwa dola juu ya ardhi, na hautoshi kuondoa haki ya watu wa sasa kujiamulia. Nadhani walisema sawa.

Na Mwambao wenyewe ulikwendaje? Oktoba 1963 Waziri Mkuu Shamte na Kenyatta waliandikiana, Sultani akaachia dai lake na Kenya ikaahidi makadhi na uhuru wa dini. Wapo waliolia na wapo wanaolia mpaka leo Mombasa. Lakini watu wa Mwambao nao hawakupigishwa kura, kwa hiyo tusijione sisi tulikuwa hodari sana.

Kura ya maoni sasa. Mwaka 1991 pande mbili zikasimamisha vita, Umoja wa Mataifa ukapeleka kikosi chake cha MINURSO, na herufi moja katika jina hilo ni ya kura yenyewe. Kura ilikuwa ipigwe mwaka 1992: uhuru au kuwa Moroko. Nani apige? Polisario wanasema wale waliohesabiwa na Mhispania mwaka 1974, ambao ni kama 74,000, pamoja na watoto wao. Moroko inasema hapana, kuna makabila yaliyokimbilia kaskazini zamani nao ni Wasahrawi, ikaleta majina kwa malaki. Basi ikawa kazi ya miaka kumkalisha mzee wa kabila mmoja kutoka kila upande, mtu anakuja anataja babu yake na ukoo wake na kisima walichokuwa wakinywesha ngamia, huyu mzee anasema namjua, yule anasema simjui. Ilipotoka orodha mwishoni yamo majina kama 86,000 na rufaa zaidi ya 130,000. Hapo kura ikafa, ijapokuwa hakuna aliyeizika.

James Baker, aliyekuwa Waziri wa Nje wa Marekani, alikuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa tokea 1997, akaleta mpango wa miaka michache ya utawala wa ndani kisha kura ambayo hata walowezi wa Kimoroko wangepiga. Polisario wakaukubali, Moroko ikaukataa ijapokuwa hesabu ya wapiga kura ilikuwa inaielekea, 2004 Baker akaondoka. Angeweza kulazimisha? Baraza la Usalama lingeweza, lakini Ufaransa ina veto na Ufaransa ni rafiki wa Rabat, na Marekani haikutaka kumwaibisha mfalme kijana, Mohammed wa Sita mwana wa Hassan, ambaye inamhitaji kwenye vita vya ugaidi. Ndo mana kikosi cha MINURSO miaka yote hiyo hakijapewa hata kazi ya kuangalia haki za binadamu, kitu ambacho vikosi vingi vya amani wanacho.

SUALI: Nimesikia ati Trump ndo aliyewapa Wamoroko ile nchi. Yeye kaipata wapi ya kuwapa? (Bila jina, Chake)

JAWABU: Umeuliza kwa hasira lakini suali lako ndo lenyewe khasa.

Tarehe 10 Disemba 2020 Trump alitangaza kuwa Marekani inaitambua Sahara Magharibi kuwa ni ya Moroko, na siku hiyo hiyo Moroko ikakubali kurudisha uhusiano na Israel. Jangwa la Wasahrawi likalipia ofisi ya uhusiano ya Tel Aviv. Biden akaja, hakuifuta. Ukishaiona hiyo utaziona zote zilizofata, mana kila mji mkuu uliobadilisha kauli ulipata kitu, na kitu hicho hakikuwa kule jangwani.

Uhispania ilikuwa haitaki kujitia. Aprili 2021 ikampokea kiongozi wa Polisario, Brahim Ghali, hospitali kwa korona, kimya kimya. Moroko ikajua, na Mei askari wake wakafumba macho kwenye mpaka wa Ceuta, mji wa Uhispania uliopakana na Moroko, watu kama 8,000 wakavuka ndani ya siku mbili, wengine watoto wa skuli wanaogelea na chupa za plastiki zimefungwa mwilini ziwaelee. Machi 2022 Madrid ikasema mpango wa Moroko wa 2007, ule wa Sahara kujitawala ndani chini ya bendera ya Moroko, ndo msingi bora. Algeria ikakasirika ikasimamisha mkataba wa urafiki na Uhispania, na kabla ya hapo ilikuwa ishalifunga lile bomba la gesi lililopita Moroko kwenda Uhispania, mwisho wa Oktoba 2021. Mwaka huo huo wa 2021 balozi wa Moroko Umoja wa Mataifa alisema ati Wakabyle wa Algeria nao wana haki ya kujiamulia, Agosti Algeria ikavunja uhusiano kabisa. Ufaransa nayo ikauunga mkono mpango wa Moroko Julai 2024. Uingereza Juni 2025. Kila mmoja na lake, biashara, wahamiaji, mikataba ya reli na umeme.

Na Oktoba 31, 2025 Baraza la Usalama lenyewe likapitisha azimio namba 2797 lililoandikwa na Marekani, linalosema mazungumzo yafanywe kwa msingi wa mpango wa Moroko. Kura 11 za ndio, Urusi, China na Pakistan zikajizuia, Algeria haikupiga. Watu walingoja Urusi itie veto kwa sababu Algeria ni mteja wake mkubwa wa silaha. Haikutia. Urusi ina mkataba wa uvuvi na Moroko, na ina mambo yake mengine na Washington. Polisario kumbe hawana mkubwa hata mmoja anayewapenda, wana Algeria, na Algeria nayo ina hesabu zake.

Mie binafsi sioni uhuru kamili ukija. Naona pia kuwa utawala wa ndani aliouandika mfalme kwenye kurasa chache bila ya mtu wa nje wa kuusimamia ni ahadi tu, na sisi visiwani tunajua maneno "mambo ya ndani" na "mambo ya muungano" yanavyoweza kubishaniwa miaka sitini. Mtu wa Tindouf ana haki ya kuuliza nani atamlindia ahadi hiyo wakubwa wakishaondoka na walichokuja kukichukua.

SUALI: Mie ni mama wa pweza Jambiani. Mwanangu kanionyesha kwenye simu pweza wa huko Sahara wamepangwa kwenye maboksi kama matofali. Ni kweli wana pweza wengi kuliko sie? Na pesa anakula nani? (Mama wa Jambiani)

JAWABU: Mama yangu, wengi sana. Mji wa Dakhla ule umekaa kwenye ulimi wa mchanga ulioingia baharini, na pweza ndo biashara yake, anagandishwa anapelekwa Uhispania, Italia mpaka Japani. Wanavua kwa vyungu vya plastiki vilivyofungwa kamba moja, pweza anaingia mwenyewe akidhani kapata pango. Nyie mnakwenda na kijiti maji yakikupwa, wao wanakwenda na boti.

Pesa ndo kisa. Umoja wa Ulaya ulikuwa unailipa Moroko ili meli zake zivue, na sehemu kubwa ya samaki hao wanatoka bahari ya Sahara. Polisario wakaenda mahkamani Luxembourg, wamekwenda mara nyingi, na tarehe 4 Oktoba 2024 Mahkama ya Ulaya ikasema mikataba ya samaki na mazao haifai kwa sababu watu wa Sahara hawajaridhia, na tikiti na tungule za huko ziandikwe zimetoka Sahara Magharibi, si Moroko. Ushindi mkubwa wa karatasi. Mwaka uliofata Brussels na Rabat wakafunga makubaliano mapya ya biashara mazao yale yale yaingie kwa njia nyengine. Fosfeti nayo inatoka Bou Craa mpaka baharini juu ya mkanda wa mpira wenye urefu wa karibu kilomita 100, unauona hata kwenye picha za setilaiti, vumbi jeupe limemwagika upande mmoja kwa sababu upepo wa huko haubadiliki.

Wapo Wasahrawi wanaofanya kazi kwenye boti na viwanda hivyo, na barabara na bandari zimejengwa, sikatai. Lakini waliopewa leseni kubwa wako Casablanca na Rabat.

SUALI: Babu yangu Mngazija wa Malindi. Juzi katika mazungumzo nikaambiwa Komoro imefungua ubalozi mdogo huko Laayoune, mji mkubwa wa Sahara Magharibi. Sisi wenye kidonda cha Maore tumefanya hivo? Na Tanzania je? (Mjukuu wa Ngazija)

JAWABU: Mmefanya, tena mlikuwa wa mwanzo, Disemba 2019. Nilivoisoma khabari ile nilirudia mara mbili. Nchi ambayo kila mwaka inalia kwamba Mfaransa amekata kisiwa chake cha nne, Maore, na Mfaransa kakifanya mkoa wake kamili 2011, imekwenda kuweka bendera kwenye ardhi ya watu ambao hawajaulizwa. Baada ya Komoro zikafata nyingi, Gabon, Afrika ya Kati na wengine, nyingi hazina raia wa kuwahudumia huko. Ubalozi bila ya wateja ni wa kumfurahisha mwenye nyumba tu, na mwenye nyumba hutoa nafasi za masomo, mbolea na mikopo.

Tanzania iliitambua jamhuri ya Wasahrawi 1978, enzi za Nyerere. Umoja wa Afrika wa zamani ukawapa kiti, Moroko ikatoka kwa hasira 1984, ikarudi Januari 2017 ikakaa ukumbi mmoja na hao hao. Kabla ya kurudi, mfalme alizunguka Afrika akija na mafurushi, Oktoba 2016 akawa Dar, na ule msikiti mkubwa wa Kinondoni pale makao makuu ya BAKWATA unaitwa jina lake. Tumenunuliwa? Msikiti ni msikiti, watu wanasali. Ila tangu hapo ukitaka kusikia neno Sahara kwenye hotuba za wakubwa wetu itabidi utege sikio sana.

SUALI: Ramadhani inakuja, nataka kutoa zaka iwafikie waliopo makambini Tindouf. Nipitie wapi? (Bi Mkubwa, Fuoni)

JAWABU: Umoja wa Mataifa walikadiria 2018 kuwa wapo kama 173,600, na chakula chao karibu chote ni cha msaada: unga, dengu, mafuta, sukari, kinaletwa na Shirika la Chakula Duniani na kugawiwa na Hilali Nyekundu. Shirika la wakimbizi la UNHCR lina mfuko wake wa zaka ambao unapokea kwa mtandao. Kabla ya kutuma waandikie uwaulize kama Algeria imo kwenye nchi wanazozipelekea mwaka huu, mana inabadilika, na uwaombe jawabu kwa maandishi. Kama una wasiwasi wa fiq'hi juu ya kuitoa nje ya mji wako muulize sheikh wako wa msikitini, hilo si langu.